Filamu za Wajerumani wenyewe kuhusu maisha ya watu wa kawaida zama za Hitler, nianze na ipi?

Maalim_Wete

Assalamu alaykum wana barza. Mie nasomesha historia skuli moja huku Pemba, kidato cha tano na sita, na saivi tumefika Ujerumani ya 1933 mpaka 1945. Vijana tarehe wanazo zote, 1933 Hitler anashika serikali, 1935 sheria za Nuremberg za kuwabagua Mayahudi, 1938 maduka ya Mayahudi yanavunjwa, 1939 vita, ukiwauliza wanakujibu bila kupepesa. Lkn binti mmoja kanyanyua mkono akanambia, maalim, na watu wa kawaida siku zote hizo walikuwa wapi? Muuza mkate, fundi cherahani, mwalimu wa skuli, walikuwa wanafanya nini? Nikampa jibu la kitabu, propaganda, khofu, ukosefu wa ajira, na uso wake tu ukanambia halijamtosha.

Sasa nataka niwaonyeshe filamu. Projekta tunayo, spika tutaazima. Za Kimarekani sizitaki, zile za shujaa mmoja anaua kikosi kizima, na za vifaru na mabomu mwanzo mpaka mwisho sizitaki pia. Nataka zilizotengenezwa na Wajerumani wenyewe baada ya vita, wakijitazama wenyewe. Zipo? Na tafadhalini hawa ni watoto wa watu, zenye mambo ya faragha mnambie mapema kabla wazee hawajanijia ofisini.

Pweza_Vuga

Waalaykum salaam maalim. Zipo tele. Tatizo watu wakisikia Ujerumani na Hitler wanaijua ile moja tu ya siku za mwisho za Hitler kwenye handaki, Der Untergang ya 2004, na wengi hata hiyo hawajaiona, wameona vile vipande vya mzaha mtandaoni. Hiyo iweke pembeni, ni ya wakubwa na majenerali, wewe umeuliza muuza mkate.

Anza na mzizi. Oktoba 1946, Berlin bado vifusi vitupu, ikatoka Die Mörder sind unter uns, yani wauaji wamo humu humu mwetu. Ndo filamu ya kwanza ya Kijerumani baada ya vita. Aliyeiongoza ni Wolfgang Staudte, na huyu bwana mwenyewe alikuwa na lake, maana wakati wa Manazi alikuwa muigizaji na alitokea kwenye Jud Süß ya 1940, ile filamu ya kuwachafua Mayahudi, kijisehemu kidogo lkn alimo. Vita vilipokwisha, Ujerumani imegawanywa na washindi, akazunguka na mswada wake kwa Waamerika, Waingereza, Wafaransa, wote wakamkatalia, Warusi walioshika Mashariki ndo waliomkubalia. Kisa chake daktari karudi vitani kaharibika, mlevi, halali usiku, halafu anakuja kugundua kapteni wake wa zamani, yule aliyeamrisha raia wapigwe risasi huko Poland mkesha wa Krismasi 1942, yupo hai, kanawiri, ana mke na watoto na ana kiwanda. Na kiwanda chenyewe kinachukua kofia za chuma za wanajeshi kinazigeuza masufuria. Hapo kwenye masufuria simamisha filamu uwaulize vijana wako wanaona nini, nakwambia utapata mjadala wa vipindi viwili. Maana kapteni huyo si mtu wa kutisha hata kidogo, ni bwana mchangamfu anayekukaribisha mezani kwake. Staudte mwanzo alitaka daktari amuue, Warusi wakaona hapana, kila mtu akianza kulipiza kisasi chake mtaani itakuwaje, mwisho ukabadilishwa, anazuiwa na msichana dakika ya mwisho. Kinachonikera mie ni kimoja, huyo msichana katoka kambi ya mateso lkn mashavu yamejaa na nywele zimekaa sawa. Hildegard Knef aliyemuigiza mzuri kweli lkn jamani.

Ya pili In jenen Tagen ya Helmut Käutner, 1947. Inasimuliwa na gari. Ndiyo, gari. Mafundi wawili wanalichambua gari bovu watoe vipuri, huku wanabishana kama siku zile kulibakia binaadamu hata mmoja, basi gari linaanza kueleza wenyewe waliolimiliki, visa saba kuanzia 1933 mpaka 1945. Sauti ya gari ni ya Käutner mwenyewe. Visa ni vifupi, kimoja kinaingia kwenye kipindi kimoja cha darasa. Kile cha mke na mume wenye duka, mke Myahudi, Novemba 1938, hicho usikiache.

Chaza_Mtoni

Nyie watu mna moyo. Mie hizo nshaziangalia, wimbo ni mmoja tu: sisi hatukujua, sisi tulilazimishwa, sisi nasi tuliumia. Hiyo ya gari ndo kabisaa, visa saba na kila anayelipanda roho nzuri! Uchaguzi wa Machi 1933 chama cha Hitler kilipata karibu asilimia 44 ya kura. Aliyewapigia nani, majini? Maalim ukiwawekea hiyo peke yake watoto watatoka darasani wanawaonea huruma Wajerumani na Mayahudi wamesahauliwa mlangoni.

Pweza_Vuga

Chaza kwa hilo la gari sikubishii, hata wakosoaji wa kwao walisema hivo hivo. Lkn itazame kwa upande mwengine shekhe, hiyo ni 1947, watu wana njaa, wamelala kwenye vifusi, wanakata tiketi kwenda kuambiwa kitu. Wanachotaka kuambiwa ni nini? Kwamba wao walikuwa wema. Sasa filamu ikiwapa hicho hicho, yenyewe inakuwa ushahidi. Unaisoma kama barua ya mtu anayejitetea, humwamini lkn unajua anakwepa nini. Mwalimu wa historia hapo ndo kazi yake.

Ami_Kilimani

Vijana nimekusomeni toka juu. Mimi miaka ya themanini mwanzoni nilipelekwa Leipzig kusomea uchapaji, Ujerumani Mashariki wakati huo, na hizi nyumba za Kilimani ninazokaa walizijenga hao hao Wajerumani, kwa hivo kidogo wananihusu.

Maalim, katika zote alizozitaja huyu kijana wa Vuga karuka moja ambayo ingemjibu binti yako swali lake kama alivyoliuliza. Rotation, ya huyo huyo Staudte, 1949. Sisi wanafunzi wa uchapaji tulionyeshwa kwa sababu ya mashine, mwalimu wetu alitaka tuione mashine ya rotari ya zamani inavyokwenda, rola la karatasi linaingia huku na magazeti yanatoka kule yamekunjwa. Mimi nikasahau mashine.

Kisa ni cha fundi mitambo anaitwa Behnke. Hana kazi, ana mke na mtoto mchanga, siasa haimshughulishi. Wanakuja Manazi, kazi anapata kwenye kiwanda cha uchapaji. Mambo yanakuwa mazuri, wanahamia nyumba nzuri zaidi. Halafu anaambiwa taratibu tu, kwa adabu, kwamba ingependeza akiingia chamani. Hapigwi, hatishwi kwa bastola. Anafikiria kazi yake, anafikiria mwanawe, anaingia. Na mashine anayoitunza inachapa Völkischer Beobachter, gazeti la chama chenyewe. Yeye hajaandika hata herufi moja, yeye anakaza nati na kutia mafuta, gazeti linatoka. Jirani zao Mayahudi wanakuja kuchukuliwa, mtu na mkewe wanaona, na wao ni watu wema wallahi, si wabaya, lkn wanaona na inaishia hapo. Kuna shemeji yake mkomunisti anakuja kumuomba atengeneze mashine ya siri ya kuchapia karatasi za kumpinga Hitler, hapo ndo anaanza kuamka, na aliyekuja kumshitaki ni mwanawe mwenyewe, kijana aliyelelewa na Umoja wa Vijana wa Hitler tokea mdogo.

Mtoto kumshitaki baba. Wanafunzi wako wana umri wa huyo kijana, waulize.

Na kwa anayeuliza walishikwaje watu wote hao, mambo hayakuwa ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, peke yao. Kila jengo na kila mtaa palikuwa na mtu wa chama, kazi yake kupita mlango kwa mlango, kukusanya michango, kuangalia nani hakutundika bendera siku ya sherehe, nani anasikiliza redio ya nje. Kama balozi wetu wa nyumba kumi wa zamani, ila huyu akikuandika jina hurudi.

Nikwambieni na la upande wa pili ili nisiwe mnafiki. Kule Mashariki serikali ilikuwa na hadithi yake, kwamba Manazi wote walikimbilia Magharibi na waliobakia huku wote walikuwa wapinzani. DEFA, kampuni ya filamu ya Mashariki iliyofunguliwa Mei 1946, filamu zake nyingi lazima umkute mkomunisti jasiri anayejua kila kitu. Huyo shemeji wa kwenye Rotation ndo kazi yake hiyo. Muangalieni kwa jicho hilo.

BintShangani

Ami ahsanta, hiyo Rotation sikuwa naijua naitafuta leo leo.

Sasa ngojeni niseme na mie maana naona mnaongea wanaume tu na filamu za wanaume tu. Na hamjaitaja hata Ehe im Schatten ya Kurt Maetzig, 1947, ambayo kwangu ndo ya mwanzo kumuelezea Myahudi ndani ya nyumba, si kwenye habari. Mume ni muigizaji maarufu, mke Myahudi naye muigizaji, mume anaambiwa mwache huyu mwanamke kazi zako zitaendelea, hakubali, mwisho wanajiua pamoja. Imetokana na mkasa wa kweli wa muigizaji Joachim Gottschalk, yeye na mkewe na mtoto wao mdogo, Novemba 1941. Na Maetzig mwenyewe mama yake alikuwa Myahudi aliyejiua 1944 kwa kuwakimbia hao hao. Ilionyeshwa Berlin kwenye kanda zote nne za Warusi, Waamerika, Waingereza na Wafaransa, watu zaidi ya milioni 10 waliiona. Kwa hivo Chaza si kweli kwamba hakuna aliyesema. Walisema mapema, halafu wakanyamaza.

Na hicho kimya ndo kinanivutia mimi. Ukifika miaka ya hamsini Ujerumani Magharibi, sinema zao zilizojaza watu ni za milima, malisho, wasichana wa vijijini na nyimbo. Grün ist die Heide, 1951, mamilioni waliiona. Unaangalia unajiuliza hawa watu miaka sita nyuma walikuwa wapi? Hakuna kitu, ng'ombe na maua tu.

Walirudi kwenye jambo lenyewe kwa nguvu baada ya 1979, na aliyewafungua ni Mmarekani kwa maneno ya wengi, maana Januari 1979 televisheni yao ilionyesha mchezo wa Kimarekani wa Holocaust, kuhusu mauaji ya Mayahudi, taifa zima likakaa likatazama, watoto wakaanza kuwauliza wazazi wao mezani. Edgar Reitz alichukia kweli, akaona Waamerika wametuibia hata historia yetu, akaenda kwao Hunsrück akatengeneza Heimat. 1984. Sehemu 11, zaidi ya masaa 15, kijiji cha kubuni kinaitwa Schabbach, kuanzia 1919 mpaka 1982, na wanakijiji wenyewe wamo ndani wanaigiza.

Maalim usikimbie kwa hayo masaa 15. Chukua kipande cha 1933 tu. Kuna bibi mmoja, Katharina, mama wa nyumba, hajasoma kitu. Anasafiri kwenda Bochum kwa kaka yake, ndo siku za kuzaliwa Hitler, Aprili 1933, mabendera kila mahala. Analala pale, alfajiri wanakuja kumchukua mtoto wa kaka yake kwa kuwa ni mkomunisti. Bibi anamchukua mtoto mdogo wa yule kijana anarudi naye kijijini. Basi. Hakuna hotuba. Na kijijini kila mtu anafurahi, simu zinakuja, barabara inakuja, pesa zipo, na yule bibi ndo peke yake anasema haya yote ni ya kukopa. Mwanawe mkubwa anakuwa meya kwa upande wa Manazi kwa sababu mkewe anataka ukubwa, yeye mwenyewe mpole hana hata anachokitaka.

Wamemlaumu sana Reitz, masaa yote hayo na Mayahudi hawaonekani ila kwa mbali. Lawama ya haki. Ila kama unataka kuona ubaya unavyoingia kijijini na sahani ya keki mkononi, hakuna kama hiyo.

BintShangani

Nimesahau, na ya Helma Sanders-Brahms, Deutschland, bleiche Mutter, 1980. Hii ni ya mwanamke kumhusu mama yake. Pana pahala ambapo mama, wakati huo bado kijana, anatafuta uzi wa kutarizia blauzi, anakwenda duka la Myahudi alilolizoea, duka limefungwa na mwenyewe keshaondolewa, na yeye fikra zake zote ziko kwenye uzi. Anautaka uzi wake. Mie nilipoiona pale nilinyamaza siku nzima. LAKINI maalim hii usiwape watoto, kuna mwanamke anabakwa na kuna uzazi, tazama wewe na mkeo.

Chaza_Mtoni

Bint hiyo ya uzi nakupa. Hiyo ndo ninayoitaka mie, mtu anaona na bado anataka uzi wake.

Haya na mie nitoe zangu msije mkasema kazi yangu kupinga. Rosen für den Staatsanwalt, Staudte tena, 1959. Vichekesho, lkn vichekesho vya kuchoma. Mwanajeshi mdogo anahukumiwa kifo mwisho wa vita kwa ajili ya makopo mawili ya chokoleti. Makopo mawili! Ananusurika kwa kuwa ndege zinashambulia kabla hawajampiga risasi. Miaka inapita, anauza vitu vidogo vidogo barabarani, anaingia mji mmoja, na nani mwendesha mashitaka mkuu wa mji? Yule yule jaji. Ana nyumba, ana heshima, watu wanamvulia kofia. Basi yule jamaa anavunja kioo cha duka kwa makusudi anaiba chokoleti ile ile, anapelekwa mahakamani, na jaji wa zamani kwa mazoea yake anachanganyikiwa anamuombea adhabu ya kifo mbele ya mahakama nzima, nchi ambayo wakati huo adhabu ya kifo ilishafutwa. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Na hiyo haikuwa hadithi tu, Ujerumani Magharibi majaji chungu nzima wa Hitler waliendelea na kazi zao na mishahara yao. Hawa ndo watu wa kawaida ninaotaka mimi nioneshwe, aliyepiga muhuri.

Pweza_Vuga

Hapo sawa sawa. Na kwa hilo la muhuri muongezee maalim Sophie Scholl, Die letzten Tage, 2005. Kila mtu anamuangalia Sophie, na ni haki yake, msichana wa miaka 21, kakamatwa tarehe 18 Februari 1943 anasambaza karatasi chuo kikuu cha Munich na tarehe 22 keshauliwa. Lkn waambie wanafunzi wamuangalie bawabu. Aliyewakamata yeye na kaka yake hakuwa Gestapo, alikuwa bawabu wa chuo, kaona karatasi zinamwagwa kutoka juu akawazuia na kupiga kelele, na historia inasema alilipwa zawadi ya maraki 3,000. Mahojiano mle ndani wameyatoa kwenye kumbukumbu halisi za Gestapo ambazo zilikuwa zimefungiwa Mashariki mpaka ukuta wa Berlin ulipoanguka. Haina faragha yoyote, watoto wataifuata.

Na kwa wanafunzi wa kiume, Die Brücke ya Bernhard Wicki, 1959. Najua umesema vita hutaki, lkn hii ni vita ya watoto wa skuli. Vijana saba, miaka 16, Aprili 1945, kila kitu kimekwisha, wanaitwa jeshini wiki ya mwisho. Mwalimu wao anakwenda kumuomba kamanda awaepushe, kamanda anawahurumia anawaweka kwenye daraja la kijijini kwao lisilokuwa na faida yoyote, ambalo jeshi lenyewe linataka kulivunja, na yule mkubwa aliyeachiwa kuwaangalia anauliwa na polisi wa jeshi wao wenyewe wakidhani katoroka. Watoto wanabaki peke yao na daraja, na wanaamini kweli. Wa mwanzo kufa ni yule mdogo wao, wenzake walimcheka kwa kujilaza chini kwa woga, ndege ilipokuja akasimama wima asichekwe. Anabaki mmoja. Maandishi ya mwisho yanasema yametokea tarehe 27 Aprili 1945 na hayakuwa na umuhimu wa kutajwa kwenye taarifa yoyote ya jeshi.

Nahodha_Mkunazini

Salaam wote. Nimefuata mjadala kimya kimya, naona mnatafuta watu wa kawaida wote weupe. Na wa kwetu je?

Mtafuteni Majubu. Mahjub bin Adam Mohamed, wazungu walimuandika Bayume Mohamed Husen. Kazaliwa Dar es Salaam 1904, baba yake askari wa Mjerumani, na yeye mwenyewe mtoto mdogo akaingia vita vya kwanza. 1929 akafika Berlin, akaenda kudai mishahara yake na ya baba yake ya vita, wakamwambia umechelewa. Akabaki huko huko. Akawa mhudumu kwenye jumba la starehe, akaoa Mjerumani, akawa anasomesha KISWAHILI chuo kikuu cha Berlin, na kwa ugumu wa maisha akawa anachukuliwa kwenye filamu. Kila wakitaka mtu mweusi wa kubeba sahani au kusimama nyuma ya bwana wanamwita yeye. Alicheza hata kwenye Carl Peters, filamu ya Manazi ya 1941 ya kumsifu yule yule Peters aliyepita hapa kwetu Unguja 1884 akienda bara kuwasainisha masultani mikataba wasiyoijua. Mwaka huo huo 1941 wakamkamata kwa kuwa na mwanamke mwengine wa Kijerumani, bila ya kesi wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

2013 mwanamke wa Kijerumani, Eva Knopf, katengeneza filamu ya kumbukumbu inaitwa Majubs Reise. Alichofanya kachukua zile filamu za zamani akamtafuta yule mtu wa nyuma. Bwana na bibi wanaongea mbele, picha inawafuata wao, na yeye yupo pembeni kashika trei, nusu uso umekatwa. Halafu anakuvutia picha mpaka unamuona yeye tu.

Katika filamu zote za baada ya vita mlizozitaja hapo juu, Staudte, Käutner, Reitz, mtu kama huyu hayumo hata kwa bahati mbaya. Miaka karibu sabini kusubiri.

Maalim_Wete

Subhanallah. Nahodha mimi nimesomesha vita vya kwanza na maaskari wa Mjerumani miaka na miaka na jina hili sijalikuta kwenye kitabu chetu hata kimoja. Mswahili kafia kambi ya Hitler, na kazi yake kusomesha Kiswahili. Hii inaingia, haina mjadala.

Pweza_Vuga

Maalim na mie nilikuwa naihifadhi moja kwa ajili yako mwenyewe mwalimu, Das schreckliche Mädchen ya Michael Verhoeven, 1990. Binti wa skuli anaingia mashindano ya insha, anachagua kuandika mji wake wakati wa Manazi. Anadhani ataandika jinsi padri na mhariri wa gazeti walivyopinga. Akianza kuuliza wazee tu, milango inafungwa. Jalada limepotea, jalada limeazimwa, jalada lina mtu ndani lisubiri miaka. Anaendelea mpaka anaishitaki manispaa, na mji mzima unamgeuka, matusi kwenye simu, vitisho. Imetokana na Anna Rosmus wa mji wa Passau. Mficha maradhi kifo humuumbua, wale walioonekana watakatifu ndo waliokutwa na majina yao kwenye karatasi.

Chaza_Mtoni

Insha kama hiyo hapa mjini kwetu angeiandika nani, na wazee gani wangemfungulia mlango. Mie sisemi kitu.

Ami_Kilimani

Usiseme. Tuendelee na Wajerumani.

BintShangani

😂😂 Ami!

Maalim_Wete

Nashukuruni sana wote, nimejaza kurasa za daftari. Nilivyopanga ni hivi. Nitaanza na Rotation kwa sababu ndo inamjibu binti moja kwa moja, halafu kisa kimoja cha lile gari cha 1938 na hapo hapo niwaulize la Chaza, kwa nini kila mtu humu ni mwema. Die Brücke niiache ya mwisho wa muhula. Majubu nitamuweka katikati, kabla hawajaanza kudhani jambo hili halituhusu. Heimat ya Bi Shangani nitaitazama mwenyewe nyumbani nichague kipande cha yule bibi wa Bochum.

Swali langu lililobaki ni lugha. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na yanakwenda mbio, nusu ya darasa watasoma neno la kwanza sentensi imeshaondoka.

Pweza_Vuga

Faili la maandishi unaweza kulifungua kwenye kompyuta ya kawaida, ni maneno na muda tu, unafuta Kiingereza unaandika Kiswahili ukihifadhi inafanya kazi. Uchovu tu ndo mwingi.

Ami_Kilimani

Hiyo Rotation nipe mimi. Kijerumani changu cha uchapaji hakijaota kutu bado, na filamu yenyewe haifiki saa moja na nusu. Nipeni faili na mjukuu wangu mmoja wa kupiga chapa, maana macho ndiyo yanayonisumbua. Sehemu za kiwandani nitaweka maneno yetu ya kazi, rola, bamba, wino, watoto wafahamu mashine inafanya nini, wasidhani ni gari moshi.

Maalim_Wete

Ami Mungu akuweke. Nakutumia namba yangu kwa ujumbe wa ndani, na flashi nitampa mtu wa boti ya Jumamosi.